Degedege: maji ya ubongo yanapojaa yasipwe

Mtoto ana homa tangu alasiri. Usiku wa manane mama anasikia godoro likitikisika. Anawasha tochi ya simu: macho ya mtoto yamegeuka juu, mikono imekakamaa, kisha mwili mzima unaanza kurusharusha. Ndani ya dakika moja chumba kimejaa watu. Mmoja anataka kijiko amtie mtoto mdomoni. Mwingine anakuja na ndoo ya maji baridi. Bibi anasema kwa sauti ya chini kwamba hiyo ni nyuni, mtoto asipigwe sindano, atafutwe mtu wa kumfukiza.

Hali hiyo haihitaji kuelezwa sana kwa wazazi wa Kizimkazi, wala kwa wazazi wa mahali pengine popote Unguja, Pemba na mwambao mzima. Wengi wameiona kwa mtoto wao, wa ndugu au wa jirani. Wanaoelewa kinachotokea ndani ya kichwa cha mtoto katika dakika zile ni wachache. Pasipo kuelewa, hofu huamua, na mara nyingi huamua vibaya.

Maelezo yenyewe si magumu kwa mtu aliyekulia pwani, kwani yanafanana sana na maji kujaa na maji kupwa.

Bahari ndogo ndani ya kichwa

Maji yanapokupwa Kizimkazi, boti zinazowapeleka wageni kuwaangalia pomboo hulala ubavu juu ya mchanga. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Hakuna anayeshtuka, kwa sababu kila mtu anajua yaliyojaa yatapwa, na yaliyokupwa yatajaa. Shughuli zote za pwani hupangwa juu ya uhakika huo: kutoka na ngalawa, kushughulikia mwani, kwenda kuchokoa pweza.

Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86, na kila moja ina kujaa na kupwa kwake. Kinachopanda na kushuka humo ni chaji ya umeme, inayobebwa na chembe ndogo sana za madini. Madini mawili ndiyo yenye kazi kubwa zaidi. La kwanza ni sodiamu, ile iliyomo katika chumvi ya kupikia. La pili ni potasiamu, iliyomo katika ndizi, madafu, viazi na mboga za majani.

Seli inapotulia, potasiamu imejaa ndani yake, zaidi ya mara 30 kuliko nje. Sodiamu imejaa nje. Kati yao kuna utando mwembamba wa seli, na katika utando huo kuna milango midogo iliyotengenezwa kwa protini. Ipo milango ya sodiamu na ipo milango ya potasiamu, na kila mmoja hupitisha chembe zake.

Seli inapotaka kupeleka ujumbe, milango ya sodiamu hufunguka kwa ghafla na sodiamu humiminika ndani. Chaji inapanda: hayo ndiyo maji kujaa. Kabla hata ya sehemu mbili za elfu za sekunde kwisha, milango ya sodiamu imeshajifunga na ya potasiamu imefunguka. Potasiamu inatoka nje, chaji inashuka, seli inatulia: hayo ndiyo maji kupwa. Mpigo mmoja wa umeme umekamilika, na seli iko tayari kwa mwingine.

Mtoto anapomtambua mama yake, anaponyonya, anapocheka au kunyoosha mkono kushika kitu, mamilioni ya seli zake zinajaa na kupwa kwa mpangilio. Degedege ni pale kundi kubwa la seli linapopiga kwa pamoja, tena na tena, na kupwa kunashindwa kuzuia kujaa. Misuli inatii amri zinazomiminika bila mpango, na mwili unarusharusha.

Kutulia nako ni kazi

Watu wengi hudhani kwamba ubongo uliotulia haufanyi kitu. Ukweli ni kwamba utulivu ndio unaougharimu ubongo nguvu nyingi.

Kila seli ina pampu zinazofanya kazi usiku na mchana, zikitoa sodiamu nje na kurudisha potasiamu ndani, chembe tatu kwa mbili. Bila pampu hizo tofauti ya ndani na nje ingekwisha, na milango isingekuwa na kitu cha kupitisha. Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu yote, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo inakwenda kwenye pampu.

Ndiyo maana mtoto mgonjwa ambaye hali wala hanyonyi anaweza kupatwa na degedege kwa sababu sukari ya damu imeshuka. Hospitalini, mojawapo ya vipimo vya mwanzo ni tone la damu la kupima sukari. Mzazi asishangae kuona mtoto anapewa maji ya sukari kwenye mshipa kabla ya jambo jingine.

Na milango ya potasiamu si ya aina moja. Binadamu ana jeni zipatazo 80 zinazoitengeneza. Aina moja huamua mpigo wa umeme uwe mfupi au mrefu. Nyingine hufunguka polepole seli ikishapiga mara kadhaa mfululizo, kana kwamba inaiambia: basi, pumzika. Nyingine tena huvuja kidogo kidogo saa zote na kuiweka seli katika utulivu wake. Kwa ufupi, milango ya potasiamu ni breki. Gari lenye injini nzuri na breki mbovu halifai kupanda watoto.

Ngisi aliyewafundisha wanasayansi

Habari hizi zilianza kujulikana kwa msaada wa kiumbe anayeuzwa kila siku kwenye masoko ya Unguja: ngisi. Ngisi ana neva moja nene kuliko kawaida, inayoweza kufikia unene wa milimita 1, ambayo humwezesha kusukuma maji na kukimbia anaposhtuka. Neva za binadamu ni nyembamba mno kutiwa waya ndani, lakini ya ngisi inawezekana.

Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, waliitumia neva hiyo katika maabara ya viumbe wa bahari mjini Plymouth. Mwaka 1952 walichapisha maelezo yao: sodiamu inaingia kwanza, potasiamu inatoka baadaye, na hesabu zinakubali. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1963.

Hakuna aliyekuwa ameuona mlango wenyewe. Ilisubiri hadi mwaka 1998, pale Mmarekani Roderick MacKinnon na wenzake walipoonyesha umbo la mlango wa potasiamu, wakitumia protini ya bakteria wa udongoni. Swali lililowasumbua wataalamu kwa miaka mingi lilikuwa hili: chembe ya sodiamu ni ndogo kuliko ya potasiamu, sasa inakuwaje mlango upitishe iliyo kubwa na kuizuia iliyo ndogo?

Jibu lilionekana katika koo la mlango. Chembe hizi husafiri zikiwa zimezungukwa na maji. Ili kupita kwenye koo lile jembamba, sharti ziyavue maji hayo. Koo limepangwa kwa vipimo vya potasiamu hasa, likaishika kwa ukaribu uleule iliokuwa ikishikwa na maji, kwa hiyo haioni hasara kuyaacha. Sodiamu, kwa udogo wake, haifikii kuta za koo. Inaona afadhali kubaki na maji yake nje. MacKinnon naye alipata Nobel, mwaka 2003.

Nyoka wa mitini na mlango ulioziba

Somo jingine lilitoka karibu zaidi na nyumbani. Katika vichaka na mashamba ya mwambao wa Afrika Mashariki, Unguja ikiwemo, anaishi nyoka wa kijani wa jamii ya koboko. Wataalamu humwita Dendroaspis angusticeps. Ni mwembamba, anaweza kufikia karibu mita 2, na muda mwingi hukaa juu ya miti, hata kwenye miembe na minazi. Hapendi ugomvi na watu, lakini sumu yake ni kali.

Mwaka 1980 Alan Harvey na Evert Karlsson walieleza kitu walichokitenga kutoka katika sumu ya nyoka huyo, wakakiita dendrotoksini. Walikuta kwamba hakizimi neva kama zifanyavyo sumu nyingi za nyoka. Kinaifanya neva imwage ujumbe kupita kiasi, na misuli inarukaruka. Baadaye sababu ilijulikana: dendrotoksini inaziba baadhi ya milango ya potasiamu, kama kizibo katika mdomo wa chupa. Maji yanajaa, lakini njia ya kupwa imezibwa. Ilipotiwa moja kwa moja katika ubongo wa panya wa maabara, panya walipatwa na mshtuko unaofanana na kifafa.

Mzazi na alitafakari hilo. Kitu kimoja tu kikiziba mlango mmoja, mnyama mzima wa afya anaanguka, anakakamaa na kurusharusha. Wala hapakuwa na shetani katika maabara ile. Dalili ambazo watu wa pwani wamezihusisha na nyuni, mashetani au jicho zilitokea kwa sababu breki ya umeme ilizuiwa.

Tangu hapo sumu ya nyoka huyo imekuwa chombo cha kazi katika maabara za dunia, kwa kutambua mlango upi uko wapi katika ubongo na unafanya nini. Aliyeumwa na nyoka, hata hivyo, hana haja ya somo. Atulizwe, asitembezwe, asichanjwe wala kunyonywa jeraha, apelekwe hospitali haraka.

Ni jeni, si jini

Mwaka huohuo wa 1998 watafiti waligundua jambo linalozihusu familia moja kwa moja. Kulikuwa na koo ambazo vichanga vyao hupatwa na degedege katika wiki ya kwanza ya maisha, bila homa wala maambukizi. Bibi aliwahi kuwa nayo, baba aliwahi kuwa nayo, na sasa mtoto. Watafiti walikuta hitilafu katika jeni mbili, KCNQ2 na KCNQ3. Kazi ya jeni hizo ni kutengeneza milango ya potasiamu, ile inayofunguka polepole na kuiambia seli ipumzike.

Wengi wa vichanga hao huacha kupatwa na mshtuko baada ya miezi michache na hukua vizuri. Sababu inaeleweka: katika miezi ya mwanzo breki nyingine za ubongo hazijakomaa, kwa hiyo mzigo mkubwa unabebwa na mlango huu. Breki nyingine zikikomaa, upungufu wake haujitokezi tena. Wapo lakini watoto wachache wenye hitilafu kubwa zaidi katika jeni ya KCNQ2, ambao mshtuko wao huambatana na kuchelewa kukua. Hao wanahitaji uangalizi wa karibu na wa muda mrefu.

Neno moja liwekwe wazi. Hitilafu za jeni za namna hii ni nadra. Katika Afrika Mashariki, kifafa cha watoto wengi kina sababu nyingine, na baadhi zinazuilika. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2013, uliohusisha vituo vitano vya Afrika vikiwemo Ifakara nchini Tanzania, Kilifi nchini Kenya na Iganga nchini Uganda, ulionyesha kwamba matatizo wakati wa ujauzito na uzazi pamoja na majeraha ya kichwa ni miongoni mwa mambo yanayohusishwa na kifafa kwa watoto. Homa ya uti wa mgongo na malaria kali nazo zinaweza kuuumiza ubongo na kuacha kovu. Kuhudhuria kliniki ya wajawazito, kujifungulia hospitali na kumvalisha mtoto kofia ngumu kwenye pikipiki ni kinga ya kifafa pia.

Lakini chanzo kiwe jeni, kovu au homa, mwisho wa safari ni uleule: umeme unajaa bila kupwa.

Kwa nini homa, na kwa nini wadogo

Degedege la homa huwapata zaidi watoto wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 5. Kati ya kila watoto 100 wa umri huo, wawili hadi watano hupatwa nalo angalau mara moja. Joto hubadili mwendo wa milango ya seli, na ubongo wa mtoto mdogo bado unazijenga breki zake. Vikikutana viwili hivyo, baadhi ya watoto huvuka mpaka.

Habari njema ni kwamba degedege fupi la homa, ingawa linatisha sana kuliona, kwa kawaida hukoma lenyewe kabla ya dakika 5 na haliachi madhara. Watoto wengi waliowahi kupatwa nalo hawapati kifafa ukubwani.

Hatari iko katika kile kilicholeta homa. Malaria imepungua sana Zanzibar kulinganisha na miaka ya mwanzo ya 2000, lakini haijaisha. Homa ya uti wa mgongo huanza na homa na degedege vilevile. Hakuna mzazi, bibi wala mganga anayeweza kuzitofautisha kwa macho, bila vipimo. Kila saa inayopotea kwenye fukizo ni saa ambayo ugonjwa unapata nafasi. Na sindano haimuui mtoto mwenye degedege. Wanaofia hospitali baada ya kuchelewa wameuliwa na kuchelewa.

Je, ndizi na madafu vinasaidia?

Mzazi aliyesoma mpaka hapa huenda anawaza kumwongezea mtoto potasiamu ili breki zishike. Haiwi hivyo. Mwili wenye figo nzima hukilinda kwa ukali kiwango cha potasiamu katika damu, na ziada hutoka kwa mkojo. Ndizi, madafu, viazi vitamu, maharage na mchicha ni chakula kizuri kwa watoto, lakini haviponyi kifafa. Vidonge vya potasiamu asipewe mtoto bila daktari, kwa sababu potasiamu ikizidi katika damu inaweza kuusimamisha moyo.

Pahala potasiamu inapopotea kweli ni katika kuharisha na kutapika. Mtoto anakuwa mlegevu, tumbo linajaa gesi, nguvu zinamwishia. Chumvichumvi ya pakiti inayotolewa vituo vya afya ina potasiamu ndani yake, kiasi cha gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu kwa lita moja ya maji. Maji ya sukari na chumvi ya nyumbani hayana. Ndiyo sababu wauguzi husisitiza pakiti, ikorogwe kwa kipimo sahihi cha maji, isiongezwe wala kupunguzwa.

Afanye nini mzazi?

Mshtuko ukishaanza, hakuna mtu anayeweza kuukomesha kwa kumshika mtoto kwa nguvu. Kazi ya mzazi ni kumlinda mpaka maji yapwe, na kuangalia saa.

• Tazama saa mara tu inapoanza. Hofu hufanya dakika moja ionekane kumi.

• Mlaze mtoto chini, kwa ubavu, ili mate na matapishi yatoke nje. Weka kitu laini chini ya kichwa. Legeza nguo shingoni.

• Muondoe karibu na moto, maji, ngazi na vitu vyenye ncha.

• Usimtie kitu mdomoni: si kijiko, si kidole, si kitambaa, si dawa, si maji. Ulimi haumezwi. Kijiko huvunja meno na kinaweza kuziba pumzi.

• Usimmwagie maji baridi, usimtumbukize kwenye ndoo, usimnusishe kitunguu, kiatu wala mafuta ya taa.

• Kama yupo mtu wa pili, achukue video kwa simu. Daktari atakapomwona mtoto, huenda mshtuko umeshakwisha, na sekunde 30 za video humweleza mengi kuliko maelezo ya watu watano.

• Ukikoma, mwache kwa ubavu, mpe muda wa kuzinduka. Usimpe chakula wala kinywaji mpaka awe macho kabisa.

Mtoto aliyepatwa kwa mara ya kwanza apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama ameamka na anacheza. Kwa watu wa Kizimkazi, hospitali ya Makunduchi iko jirani kuliko Mnazi Mmoja mjini, na jirani ndiko kwa kuanzia.

Asisubiriwe hata kidogo, itafutwe gari mara moja, iwapo mshtuko umepita dakika 5, umerudi kabla hajazinduka, umeshika upande mmoja tu wa mwili, mtoto ana umri chini ya miezi 6, shingo imekaza, anapumua kwa shida, au hazinduki.

Si kila anayeanguka ana kifafa

Moyo nao una milango ya potasiamu inayoutuliza baada ya kila pigo. Wapo watoto wachache wanaozaliwa na hitilafu katika milango hiyo. Moyo wao unaweza kwenda ovyo kwa ghafla, damu ikapungua kichwani, mtoto akaanguka na kurusharusha kidogo. Jamaa husema ni kifafa, na dawa za kifafa hazimsaidii.

Wazazi wa pwani wana sababu ya kulifahamu hilo, kwani katika aina moja ya hitilafu hizo kinachoamsha mara nyingi ni mbio na kuogelea. Mtoto aliyezimia akiwa anaogelea au anakimbia, aliyeanguka baada ya kushtushwa na sauti kali, au ambaye katika ukoo wake vijana wamefariki ghafla bila sababu kujulikana, apimwe umeme wa moyo. Vilevile mtoto aliyezaliwa kiziwi ambaye huzimia. Kipimo hicho hakina maumivu, na tatizo likigunduliwa mapema lina tiba.

Mficha maradhi

Degedege likirudi mara kwa mara bila homa, jina lake ni kifafa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wanaishi nacho, na karibu asilimia 80 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Linasema pia kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila mshtuko wakipata uchunguzi na dawa sahihi.

Dawa hizo zinafanya kazi kwenye mambo yaleyale ya kujaa na kupwa. Baadhi, kama kabamazepini na fenitoini, hupunguza kasi ya milango ya sodiamu, maji yasijae kwa fujo. Nyingine, kama fenobabito, huongeza nguvu ya breki nyingine za ubongo. Wanasayansi walitengeneza pia dawa ya kufungua milango ya potasiamu yenyewe. Iliruhusiwa Ulaya na Marekani mwaka 2011, lakini ikaondolewa sokoni mwaka 2017, miongoni mwa sababu ikiwa madhara yaliyoonekana kwenye ngozi na macho. Juhudi za kupata iliyo salama zaidi zinaendelea.

Dawa ya kifafa haikatishwi ghafla kwa sababu mtoto ameonekana mzima. Mwezi mmoja bila kuanguka ni ushahidi kwamba dawa inafanya kazi. Kuiacha siku moja ni kama kumng'olea dereva breki katikati ya mteremko. Anayeamua kupunguza au kuacha ni daktari.

Kifafa pia hakiambukizi. Povu la mdomoni ni mate ya kawaida yaliyochanganyika na hewa, kwa hiyo mwenzake anaweza kumshika, kumlaza ubavu na kumfuta uso bila kudhurika. Mtoto mwenye kifafa anaweza kusoma, kucheza, kuoa au kuolewa. Tahadhari alizo nazo ni za mahali: asiogelee peke yake, asipande minazi, asiachwe kando ya kisima wala karibu na mafiga ya moto. Mwalimu wake skuli aambiwe, na aonyeshwe namna ya kumlaza. Kumficha ndani hakumlindi, kwani mficha maradhi kilio humfichua.

Bibi aliyetaja nyuni usiku ule hakuwa na nia mbaya. Alikuwa akitumia elimu aliyoachiwa na wakubwa zake, waliomwona mtoto akitekwa na kitu wasichokijua na wakakipa jina. Hatukanwi kwa hilo. Aelezwe kwa heshima, kwa mfano anaoufahamu yeye mwenyewe tangu utoto: kwamba kichwani mwa mjukuu wake maji yalijaa kwa kishindo, na mlango wa kuyatoa ukachelewa. Kisha apewe kazi inayomfaa mtu mwenye moyo mtulivu chumbani, yaani ashike saa na ahesabu dakika, wakati mwingine akitafuta gari.